Usiku Unaofungwa Saa Mbili

Wasikilizaji mlioko Bukavu mjini, mlioko Kavumu na Katana, pamoja nanyi majirani zangu wa hapa Lwiro mnaonisikiliza redioni ilhali mngeweza kuniita tu kutoka upande wa pili wa ua, leo naomba tuongee juu ya usiku. Ule wa risasi tumeuongea hadi tumechoka, tuuweke kando kidogo. Nautaka usiku wa mwanafunzi: akitoka darasani anakwenda wapi, anakula nini, anacheka na nani, na anarudi kwao saa ngapi.

Tuanzie Kadutu, hapo Bukavu, Jumamosi alasiri. Chumba cha mbao, mabenchi marefu, runinga moja ukutani, na vijana wamebanana kama samaki wa sambaza kwenye beseni. Mechi ni ya Uingereza. Humo ndani jina linalotajwa kuliko la kiongozi yeyote wa nchi hii ni Manchester. Wapo wa United, wapo wa City, na ndugu wa tumbo moja wanaweza wasisalimiane mpaka Jumatatu. Umeme ukikatika dakika ya 80, mwenye chumba anakimbilia gurupu, ile jenereta inayokohoa kwanza ndipo iwake, na nusu ya wateja tayari wamesimama wanadai pesa zao. Nimeketi humo mara nyingi. Sijawahi kumsikia hata kijana mmoja akiuliza watu wa rika lake wanaishije huko Manchester mpira ukishaisha.

Nikaamua kuuliza mimi. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anasoma kule. Hunitumia sauti kwa simu, dakika tatu, dakika nne, na nyuma yake nasikia mvua. Mvua ya Manchester na ya Bukavu ni dada, ananiambia, ila ya kwao haina tope. Nilimwuliza, "Mama, usiku mnafanya nini?" Akacheka. "Mjomba, usiku ndio tunaamka."

Akanieleza barabara moja ndefu. Inaanzia katikati ya mji ikiitwa Oxford Road, inapita mbele ya vyuo, halafu inageuka jina kuwa Wilmslow Road na kushuka hadi Fallowfield, mtaa uliojaa wanafunzi mpaka wazee wenyeji wanalalamika kwa kelele. Chuo Kikuu cha Manchester peke yake kina wanafunzi zaidi ya 40,000, na kipo kingine jirani yake kikubwa vilevile. Katikati ya barabara hiyo, Rusholme, mikahawa ya Wapakistani, Wahindi na Waarabu imepangana bega kwa bega, taa za kila rangi, na mwanafunzi mwenye njaa usiku wa manane anapata nyama na mkate wa moto. Basi linapita. Hilo la basi nilimwomba alirudie. "Ndiyo mjomba, usiku linapita."

Ameniambia pia habari za klabu, na hapo nitapita haraka, maana sina umri wala magoti ya kuzieleza. Ilikuwepo moja iliyoitwa Haçienda, iliyofunguliwa 1982 ikafungwa 1997. Muziki wake ulijulikana dunia nzima, hesabu zake zikawa hasara tupu. Jengo lilivunjwa, zikajengwa nyumba za kukaa watu, nazo zikabaki na jina lilelile. Wenye nganda, zile baa za Essence na Nyawera, mnaolia kila mwezi kwamba wateja wanacheza sana na kunywa kidogo, hamko peke yenu.

Kilichonikalia moyoni ni kingine. Mpwa wangu anasema mchana wa usiku huohuo anaingia makumbusho bila kulipa. Makumbusho ya Manchester ni mali ya chuo kikuu, na yana mifupa ya mnyama mkubwa wa kale pamoja na vyura hai ndani ya vioo. Kuna maktaba ya John Rylands, jengo la mawe linalofanana na kanisa kuu. Mjane wa tajiri wa pamba, Enriqueta Rylands, mzaliwa wa Kuba, alilijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, na milango ikafunguliwa kwa wasomaji mwaka 1900. Ndani kuna kipande cha mafunjo chenye maneno ya Injili ya Yohana, kidogo kama kiganja, kinachohesabiwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Agano Jipya. Mpwa wangu, msichana wa Walungu, anakitazama Jumanne saa nane mchana, kisha anakwenda kula wali.

Na sasa naomba tusogee nyuma kidogo, kwa sababu kwenye barabara hiyohiyo kuna habari yetu.

Miaka ya vita kuu ya pili, mzaliwa wa Guyana aliyejiita Ras Makonnen alikuwa na mikahawa Manchester. Jina hilo alilichukua kwa uchungu wa Ethiopia iliyovamiwa na Italia mwaka 1935. Aliwapikia wanafunzi na mabaharia weusi, na askari weusi wa Marekani waliokuwa na pesa mfukoni lakini hawana mahali pa kukaribishwa. Watu walikula, wakacheza, wakabishana hadi usiku. Pesa za sahani hizo zikasaidia kulipia mkutano. Kuanzia tarehe 15 hadi 21 Oktoba 1945, katika ukumbi wa mji wa Chorlton-on-Medlock, pembeni mwa Oxford Road, Kongamano la Tano la Waafrika likaketi. Alikuwepo Kwame Nkrumah. Alikuwepo Jomo Kenyatta, na Hastings Banda, na George Padmore, na mzee W. E. B. Du Bois. Wakadai uhuru waziwazi, bila kuuzungusha. Miaka 12 baadaye Ghana ikawa huru, miaka 18 baadaye Kenya. Makonnen mwenyewe aliishia kuwa raia wa Kenya. Ukuta wa mbele wa ukumbi ule bado umesimama katikati ya majengo ya chuo, na una kibao. Mpwa wangu alikuwa ameupita mwaka mzima akienda kununua chipsi.

Nimeileta hadithi hiyo kwa sababu ninyi wazazi, na mimi ni mzazi, tukisikia mwanafunzi katoka usiku tunaona chupa na mimba. Chupa zipo, sikatai. Lakini mezani usiku ndipo mwanafunzi wa sheria anapokutana na wa udaktari, Mshi na Mrega na Mbembe, yule wa Bukavu na yule aliyeshuka juzi kutoka Shabunda hajawahi kuona ghorofa. Darasani kila mtu anamtazama mwalimu. Mezani wanatazamana.

Haya, turudi kwetu. Bukavu ni mji wa vyuo, na aliye na shaka asimame Nyawera saa kumi na moja jioni. Kuna ISP, chuo cha ualimu, kuna chuo kikuu cha serikali, kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilichoanza 1989, kuna kile cha Kiinjili kule Panzi, kuna vya ufundi na vya utabibu, na vingine vidogo vinavyozaliwa kila mwaka kama uyoga. Mableu, wale wanafunzi wapya, wanashuka kutoka vijiji vyote vya Kivu Kusini, godoro kichwani, na mfuko wa unga wa mihogo begani.

Na mwanafunzi huyu ana jioni nzuri ajabu. Nasema jioni. Saa kumi anatoka auditwari. Saa kumi na moja jua linashuka juu ya ziwa, rasi zote tano zinageuka rangi ya shaba, na barabara ya Lumumba inajaa watu wawili wawili wasiokuwa na haraka. Mama mmoja kaweka makaa, anakaanga sambaza, wale samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959 tukawafanya wetu. Unafungiwa kwenye karatasi ya mtihani wa zamani, na ukimaliza kula unaweza kusoma swali la tatu. Mwenye pesa anapata brosheti ya mbuzi na chupa moja ya Primus ya kugawana watu watatu. Jumapili kuna mechi uwanja wa Concorde, na Muungano akikutana na Dawa, hata mwalimu wa falsafa anapiga kelele. Kwa miaka mingi Institut français imekuwa ikileta filamu, tamasha na washairi wa slam, vijana wanaosimama na kipaza sauti wakasema yale ambayo mkutano wa hadhara hauthubutu. Kwaya zinafanya mazoezi Kadutu na Bagira. Ukitaka kujua vijana wa Bukavu wanapendania wapi, fuata kwaya.

Halafu saa mbili inagonga, na mji unakunjwa kama mkeka.

Motari, yule wa pikipiki, anapandisha bei. Mwenye parsele anafunga geti, na ukigonga saa mbili na nusu unajibiwa na mbwa. Taa hakuna, ingawa mto Ruzizi unaozungusha mitambo ya umeme unapita pale chini tunauona. Msichana ndiye anayepoteza zaidi: yeye jioni yake inaisha saa kumi na mbili, kwa sababu kuanzia hapo kila hatua anaihesabu. Binti mmoja wa mwaka wa pili aliniambia kwamba tangu aingie chuo hajawahi kuona nyota akiwa nje ya ua wao. Na tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa kundi la M23 na benki zikafunga milango, jioni yenyewe imepungua ncha. Sitaongeza neno hapo. Redio ina masikio mengi kuliko yenu.

Basi utasema, mzee, umetuletea Manchester ili utuumize? Hapana. Nimeileta kwa sababu ya ile maktaba na yale makumbusho. Klabu za usiku wa manane hatuwezi kuzifungua mwaka huu. Lakini mwanafunzi wa Manchester ana kitu kingine ambacho hakihitaji usiku, nacho sisi tunacho. Kiko hapa. Nikifungua dirisha ninaposema nakiona.

Lwiro iko umbali wa kilomita 45 hivi kutoka Bukavu. Unafuata barabara ya Goma, unapita Miti, unapita Kavumu na uwanja wake wa ndege, kisha unapanda kuelekea mlimani. Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha IRSAC, taasisi ya utafiti wa sayansi ya Afrika ya Kati, na wakachagua kilima hiki kuwa makao yake. Wakajenga jumba ambalo mgeni akiliona mara ya kwanza anasimamisha pikipiki: matao, nyua za ndani zenye maua, paa za vigae, kimya cha monasteri. Baba yangu alifyeka majani ya bustani zake. Alikuwa akituambia kwamba jioni wazungu walivaa koti kwa ajili ya chakula, wakala, wakasikiliza muziki, wakabishana juu ya minyoo na volkano. Yeye alisikia kutoka nje, panga mkononi. Leo jumba hilo ni CRSN, Centre de Recherche en Sciences Naturelles, na walio ndani ni Wakongo.

Kuna maktaba humo. Mimi sijafika Manchester, siwezi kulinganisha mawe yao na mbao zetu, lakini najua rafu zile za Lwiro zinavyopanda ukutani, na harufu ya karatasi iliyokaa kimya miaka sabini. Kuna nyoka ndani ya chupa, ndege waliokaushwa wakiwa na vibandiko miguuni, wadudu waliochomwa pini, na majani yaliyobanwa kwenye karatasi, kila moja na jina la kijiji lilipochumwa. Kuna kituo kinachosikiliza tetemeko la ardhi. Na wale wa Bukavu mnaoikumbuka tarehe 3 Februari 2008, Jumapili ile kuta zilipopasuka, mnajua kwamba kusikiliza ardhi hapa si mchezo wa wasomi.

Halafu kuna sokomutu, yaani sokwe. Mwaka 2002 CRSN na ICCN, wale wanaolinda mbuga zetu, walianzisha kituo cha kulea sokwe na nyani walionyang'anywa wawindaji na wauzaji. Leo sokomutu ni zaidi ya mia moja, na kima wa aina nyingi juu yao. Karibu wote ni yatima, mama zao waliliwa. Kinachonichekesha ni kwamba nao jioni ikifika hulala, wakatii amri ya usiku kuliko wanafunzi wa Panzi. Asubuhi lakini, mtu usiyejua, ukisikia kelele zao mara ya kwanza utadhani bunge limefunguliwa.

Na juu yetu kabisa kuna msitu wa Kahuzi-Biega, mbuga tangu 1970, urithi wa dunia tangu 1980, katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1997. Msitu huo una kilio chake, na Watwa walioondolewa humo wana kilio chao. Hicho ni kipindi kingine, na nimeahidi kukifanya.

Nimalizie na jambo moja la huku kwetu ambalo hata jirani zangu wengi hawalijui. Mwaka 1951 na 1952 Mmarekani mmoja, Alan Merriam, alizunguka Bushi, nchi ya Washi, na mashine ya kunasa sauti. Alirekodi wapiga filimbi na wapiga nanga, na akarekodi wasichana wa Kishi waliokuwa wakifanya kazi katika shamba la mzungu. Zamani tajiri aliwapa mafuta juu ya mshahara, kisha akaacha. Wasichana hawakuandika barua. Waliweka malalamiko katika wimbo, wakauimba mbele yake, na ndani ya wimbo wakamtishia kwamba wataondoka waende kufanya kazi kwa mapadri, ambako mafuta hayakosekani. Merriam akaja kuwa mmoja wa mabwana wakubwa wa elimu ya muziki duniani, na kisa hicho cha mafuta kimesomwa na wanafunzi wa vyuo vya Marekani vizazi na vizazi. Wanafunzi wa Bukavu? Niliwauliza kumi na wawili waliokuja hapa mwezi uliopita kwa kazi ya shule. Hakuna aliyewahi kusikia. Mmoja bibi yake alitoka Katana na alifanya kazi mashambani. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza kama sauti zipo. Nikamwambia kanda za Merriam ziko Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Akaandika jina hilo kwenye kiganja.

Hao kumi na wawili walikuja kwa pikipiki sita, wawili wawili juu ya moja, na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa imewamaliza chakula cha siku mbili. Walitembea ndani ya jumba kama watu walioingia nyumba ya mkwe, hawagusi kitu. Saa tisa walianza kutazama saa. Saa kumi waliondoka, kwa sababu ya ule usiku unaofungwa saa mbili, na kwa sababu ya vizuizi vya njiani. Maktaba walikaa dakika ishirini.

Sasa nasema na wakuu wa vyuo vya Bukavu, bila kumtaja mmoja, kwa maana wote mnanijua na wengine wenu nimewafundisha. Mna mabasi. Nimeyaona, yanapeleka walimu kwenye mazishi na kwenye sherehe za diploma, na Jumamosi yanalala. Toeni basi moja, Jumamosi moja kwa mwezi, litoke Bukavu saa moja asubuhi na kurudi kabla ya giza. Wanafunzi wachange mafuta, na wasichana wahesabiwe kwanza katika viti, kwa kuwa wao ndio waliofungiwa zaidi. Wakuu wa CRSN, milango ya maktaba siku hiyo iachwe wazi mpaka basi liondoke, na mtu anayeijua awe ndani, siyo mlinzi wa funguo tu. Mwalimu wa muziki au wa historia mmoja aandike barua Indiana aombe nakala ya sauti zile za bibi zetu. Barua haina gharama siku hizi, inakwenda kwa simu.

Chakula nitawatafutia mimi. Mke wangu anasema sombe na bugali vya watu arobaini anaviweza akipewa habari siku mbili kabla, na kasiksi ipo kwa jirani, kwa wale waliokwisha kutimiza umri. Tutaweka benchi uani, chini ya miti aliyopanda baba yangu, na hapo mtabishana hadi dereva apige honi. Namba ya kipindi mnayo. Anayetaka kuja basi la kwanza atume jina lake na jina la chuo chake, na aandike kama anapiga filimbi.